Theluji ya Kwetu

Mimi ni Akiya, mhesabu shayiri.
Sikubeba mkuki. Nilibeba udongo mbichi na unyasi wa kuchorea,
na kila jioni niliandika: magunia mangapi yamebaki,
nyumbu wangapi wamekufa, nani kaiba.

Jemadari Ehli-Tilla alitutoa milimani theluji ilipoanza kulegea.
Makuhani walimwambia ngoja. Akacheka, akasema
anayengoja njia ikauke huzikwa na viatu vipya.
Tulikuwa elfu tisa. Nilihesabu kwa vijiti, mara mbili.
"Kabla ya mavuno," alisema, "tutaula mkate wa Sharrapa
ungali moto." Tukashangilia. Hata mimi,
niliyejua idadi ya magunia.

Siku ishirini na sita tulishuka.
Vijiji vya tambarare tulivikuta vitupu, meko yamefagiliwa,
visimani mizoga ya mbuzi.
Hawakutupiga. Walituachia njia,
kama mwenye nyumba anayemsikia mwizi ukumbini
na anajua ghala halina kitu.

Kisha Hidekeli.

Majasusi wetu waliuona mto ule kiangazi,
wakauvuka na punda, maji magotini.
Sasa ulikuwa na rangi ya ngozi mbichi,
unachukua miti mizima na mizizi yake,
na ng'ambo, hapo tu, Sharrapa:
kuta mbili, malango ya shaba, moshi wa tanuri.
Upepo ukigeuka tulinusa mkate.
Wavulana wa Nawar walilia waziwazi,
na hakuna aliyewacheka.

Siku ya nne akaamuru vyelezo,
viriba vya mbuzi vilivyojazwa pumzi, vikafungwa kwa kamba za manyoya.
Puhi-Shenni wa kijijini kwetu alipanda wa kwanza.
Alikuwa akidaiwa na mimi kondoo mmoja; akapiga kelele
kwamba atanilipa ng'ombe.
Niliandika: viriba mia mbili na arobaini, watu mia na ishirini.
Viriba vingine vilirudi.

Kila asubuhi mwanamke alikuja ng'ambo ile kufua.
Hakututazama hata kidogo.
Siku ya nane alitutazama.
Akakamua nguo yake, akajitwika kapu, akaenda zake.

Usiku wa kumi na moja jemadari aliniita ukingoni,
peke yetu, bila taa.
"Mhesabu. Maji haya yanatoka wapi?"
Nilidhani ananitega, nikanyamaza.
Akachovya mkono, akaniwekea shavuni.
Yalikuwa baridi. Katika joto lile la kupasua midomo
yalikuwa baridi kama kizingiti cha mama alfajiri,
na ndipo nilipoelewa:
theluji tuliyoikanyaga tukija
ilitupita usiku tulipolala,
ikafika mbele yetu, ikajilaza langoni mwa adui
kama mbwa aliyesahau nani alimlea.

"Usiandike hili," akasema.
Sikuandika.

Tulirudi elfu nne na mia tatu. Hiyo ndiyo hesabu.
Kwenye jiwe la njia panda iko nyingine:
kwamba Sharrapa ilitetemeka, ikatoa farasi na vikombe,
kwamba jemadari aliihurumia.
Mwandiko ule ni wangu. Herufi zimekaa vizuri,
watoto hujifunzia kusoma pale.

Sasa ni mzee, anafuga nyuki juu ya kijito.
Jua likianza kuuma theluji, namkuta ameketi jiweni,
kiatu kavua, mguu kautia katikati ya maji,
kisigino kimekazwa chini kama anayezuia mlango.
Hatusalimiani. Nami nina mtungi wa kujaza.
Maji yanaugonga mguu wake, yanagawanyika,
yanakutana tena upande wa pili,
na kushuka.